Kilo Tisini na Saba

Habari hii nilipewa na Sajenti Eustadia mwenyewe, mpelelezi aliyepanga chumba cha uani kwangu hapa Kanyenye. Alinisimulia siku tatu baada ya Idi ndogo mwaka huu, tukichambua maharage. Jalada lilikuwa limeshafungwa na wenyewe wameshasema yao mjini, ndiyo maana naye akasema. Mimi nimeyapanga tu yakae kwa zamu yake.

Ilikuwa Jumanne ya mwisho ya mwezi wa nane. Saa mbili asubuhi Eustadia alisimama mbele ya meza ya mkuu wake wa upelelezi. Mkuu alikuwa anamenya karanga juu ya gazeti.

"Sabiri Awadhi," mkuu alisema bila kuinua macho. "Fundi baiskeli wa Gongoni. Tumemkamata jana saa kumi na moja jioni. Leo saa kumi nataka jalada hapa. Kama lina kosa, kesho anapanda mahakamani kwa kujeruhi kwa makusudi, na akitoka pale anakwenda gerezani kusubiri kesi. Unajua kesi zinavyosubiriwa."

"Na kama halina kosa?"

"Basi umwachie, na uniandikie kwa nini mtu mzima alianguka kwenye lami iliyonyooka, mchana kweupe, bila kugongwa na kitu."

Eustadia alisema ndiyo afande, akaenda chumba cha vielelezo.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Lugembe Ngassa, mzaliwa wa Igunga, ni bwana mifugo kule Kigwa. Mtu wa mwili, kifua kama kabati, na mapenzi yake makubwa ni baiskeli ya mbio. Mwezi wa saba alisukiwa ringi mpya nyepesi na Sabiri. Kusuka ringi, kwa asiyejua, ni kuzipanga spoki moja moja kati ya habu ya katikati na duara la nje, kisha kuzikaza mpaka gurudumu linyooke. Ijumaa Lugembe aliiacha baiskeli kwa Sabiri ikazwe breki ya mbele, ikalala humo karakanani. Jumamosi asubuhi akaichukua, akashika barabara ya Kigwa, ile inayokwenda sambamba na reli na njia ya zamani ya wapagazi. Kilomita ya kumi na tisa gurudumu la nyuma likajikunja kama chapati. Lugembe alivunjika mtulinga na mbavu mbili. Lori la magogo lililokuwa nyuma yake lilisimama hatua sita kutoka kichwani pake.

Eustadia alilitandaza gunia sakafuni, akaliweka gurudumu la nyuma juu yake. Akahesabu spoki. Ishirini na nne. Tano zilikuwa zimekatika, zote upande wa gia, zote palepale zinapopinda kuingia kwenye habu. Akazitazama ncha zake kwa tochi ya simu. Tatu ziling'aa. Mbili zilikuwa zimefifia, rangi ya vumbi. Akazifunga kila moja kwenye karatasi yake, akaandika namba, kisha akaagiza mtuhumiwa aletwe.

Sabiri Awadhi alikuwa mwembamba, wa miaka hamsini na kitu, vidole vyeusi kwa grisi ambayo sabuni haiitoi tena. Nje, kwenye benchi, mkewe Batuli alikuwa amekaa na chupa ya chai tangu alfajiri.

"Umelala?" Eustadia aliuliza.

"Mbu ndio waliolala, afande. Mimi nilikuwa kitanda chao."

"Ijumaa usiku baiskeli ya Lugembe ililala kwako."

"Ililala."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi peke yangu."

"Kwa hiyo aliyezikata spoki ni wewe au jini."

"Hazikukatwa. Zimechoka."

"Chuma kinachoka?"

"Kinachoka kuliko mtu. Mtu akichoka anakaa."

Eustadia aliandika. "Kuna shahidi, Majidi, mwenye duka la baiskeli Kanyenye. Anasema mwezi wa saba, mbele ya watu, ulimwambia Lugembe: 'Nitakusukia ringi ikuue, nije nile ng'ombe za matanga yako.' Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

Kalamu ilisimama. "Ulisema?"

"Neno kwa neno. Na yeye akanijibu kwamba nikifa mimi atanizika ndani ya tairi, kwa wembamba huu sanda itapotea bure. Majidi hakukuletea na hilo? Lugembe ni mtani wangu, afande. Babu yake na babu yangu walitukanana mpaka wakazikana. Nyinyi kwenu Bukoba hamtaniani?"

"Kwetu Bukoba tukisema tutaua tunaandikwa. Nani atathibitisha?"

"Muulize mwenyewe."

Eustadia akaandika: kuthibitishwa na mlalamikaji. Kisha akafungua daftari la shule walilolichukua karakanani. Ndani yake Sabiri alikuwa ameandika kazi zake kwa mwandiko mkubwa. Kidole cha Eustadia kilisimama kwenye mstari mmoja: *Lugembe, kilo 97. Mbele 20, nyuma 24. Ringi nyepesi.*

"Kwa nini unaandika kilo za mtu?"

"Ringi inasukwa kwa kilo za mtu, kama kanzu inavyokatwa kwa urefu wake." Hapa Sabiri alinyooka kwenye kiti, akawa fundi. "Lugembe alitaka nyepesi. Ringi ikiwa nyepesi, ukikanyaga pedeli baiskeli inaitika hapo hapo. Mtu mdogo, spoki ishirini mbele na ishirini nyuma zinamtosha. Akikaribia kilo mia, nyuma namwekea ishirini na nne, maana uzito wa mwendeshaji unakaa nyuma, na mnyororo unavuta nyuma. Akipita mia, ringi hizo namkatalia. Hata kiwandani wameandika kwenye boksi, mwendeshaji asizidi mia. Huyo namsukia nzito kidogo, spoki thelathini na mbili. Ataiona kwenye kilima, lakini atafika."

"Na kilo hizi tisini na saba ulimpima wewe?"

"Alinitajia."

Maswali mengine yote Sabiri alijibu akimtazama usoni. Hili alilijibu akitazama miguu ya meza. Eustadia aliweka nukta ndogo pembeni ya mstari, akamrudisha mahabusu.

Saa nne na nusu alikuwa dukani kwa Majidi, na gunia lake. Duka lilikuwa la kioo, ringi zimening'inizwa darini kama vyungio, kila moja na karatasi yake ya bei ya Dar es Salaam. Majidi alikuwa na shati lililopigwa pasi mpaka likakata.

"Karibu afande. Umekuja kununua au kukamata?"

"Kujifunza. Una koleo?"

"Duka gani la baiskeli halina koleo?"

"Na spoki moja mpya. Ikate hapa, mbele yangu."

Majidi alicheka, akaikata. Eustadia alikiokota kipande, akakiweka juu ya kaunta ya kioo, na kando yake akafungua vikaratasi vyake vitano. Akawasha tochi.

"Ulisema kituoni kwamba spoki za Lugembe zilikatwa kwa koleo. Nisomee sasa. Anza na uliyoikata wewe."

"Hii... imebanwa pande mbili. Kama mdomo wa bata."

"Na hizi?"

Majidi aliinama. Akainuka. Akainama tena. Kuna mteja aliingia kuulizia tyubu akaambiwa arudi baadaye.

"Naandika, Majidi. Hizi?"

"Hizi ni bapa. Nusu laini kama kucha, nusu imechimbika kama sukari guru." Alifuta jasho la mdomo wa juu. "Hazikukatwa. Zilikuwa zinapinda na kunyooka kila gurudumu likizunguka, mpaka zikachoka."

"Zote?"

"Zote. Na hizi mbili zilizofifia zilitangulia. Wiki moja, pengine mbili. Zimeshakula vumbi. Alikuwa anatembea nazo zimekatika na hajui. Zilizobaki zikabeba mzigo wa wenzao."

"Kwa hiyo siyo Ijumaa usiku."

"Siyo Ijumaa."

"Labda basi zilisukwa vibaya."

Macho ya Majidi yakapata uhai. "Hapo sasa umegusa, dada yangu! Fundi wa chini ya mwembe utamlinganisha na kiwanda?"

Eustadia alitoa kwenye gunia gurudumu la mbele, ambalo lilikuwa zima. "Hili limesukwa siku ileile na mkono uleule. Likague."

Majidi alilishika kwa ekseli, akalizungusha. Lilizunguka bila kuyumba. Akazigusa spoki moja moja kwa ukucha, kama mtu anayejaribu zeze, sikio karibu. Zote zikalia sauti moja. Akazungusha tena, akagusa tena, akitafuta moja tu itakayomwokoa.

"Sema."

"Mshenzi anajua kusuka," alisema taratibu. "Kazi safi. Ila usiandike kwamba nimesema."

"Nimeshaandika. Ringi kama hizi zingembeba mtu wa kilo tisini na saba?"

"Zingempeleka Nzega na kumrudisha, mwaka mzima."

"Zimekaa wiki sita."

"Basi aliyepanda siye wa tisini na saba." Alipokwisha kusema alijishangaa. "Lakini afande, kilo zake kazitangaza mji mzima! Alikuja hapa akavua mkanda anionyeshe tundu jipya alilotoboa."

"Swali la mwisho. Siku Sabiri aliposema maneno yale ya matanga, wewe ulifanya nini?"

Majidi alitazama barabarani. "Nilicheka."

"Na wengine?"

"Watu wote tulicheka."

Eustadia alimsomea maelezo, akamwekea kidole mahali pa kusaini.

Hospitali aliingia saa saba. Sista Julieth, muuguzi wa wodi ya wanaume, alimpa kadi ya mgonjwa. Pale penye uzito paliandikwa 97.

"Nani alimpima?"

"Alitutajia, afande. Alikuwa analia kwa maumivu, na humo humo kwenye kulia anasisitiza: andika tisini na saba. Na kumgeuza tunakuwa wanne."

Lugembe alikuwa ameegemea mito mitatu, mkono wa kulia umefungwa kifuani. Kitanda kilikuwa cha kawaida ila chini yake kilionekana cha mtoto.

"Sabiri ni mtani wako?" Eustadia alimuuliza baada ya salamu.

"Tangu babu zetu."

"Alipokwambia atakula ng'ombe za matanga yako, ulichukuliaje?"

"Nilimwambia nitamzika ndani ya tairi." Alianza kucheka, mbavu zikamkataza. "Aah! Usinichekeshe."

"Kwa nini basi umemshtaki?"

"Nimelala chali siku mbili naangalia dari. Majidi akaja na machungwa, akaniambia spoki zilikatwa kwa koleo. Ukiwa umelala chali, afande, unaamini."

"Hazikukatwa. Huyohuyo Majidi amenisainia. Zilichoka. Naomba usimame kwenye mzani."

"Mimi mgonjwa."

"Sista anasema chooni unakwenda mwenyewe."

Mzani wa wodi ulikuwa wa zamani, ule wa kusukuma jiwe kwenye mstari. Lugembe alipanda akimshika Julieth begani. Julieth alisukuma jiwe mpaka tisini. Mkono wa mzani haukutikisika. Akasukuma mia. Mia na kumi. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliacha kuzungumza. Kwenye mia na kumi na tano mkono ukaelea, ukatulia.

"Mbovu," Lugembe alisema.

Julieth alipanda yeye: sitini na moja, zile alizozijua. Akapanda Eustadia: sitini na sita, zile alizopimwa kituoni mwezi uliopita.

"Kwenu sawa. Kwangu mbovu."

"Bwana mifugo, dume la ng'ombe unalikadiria kilo zake kwa jicho tu. Mwenye kifua hiki ungemwandikia ngapi?"

"Ng'ombe simjui, namkadiria. Mimi najijua." Sauti ilikuwa imepanda. "Mwezi wa kwanza, zahanati ya kwetu Igunga, mia na kumi na nane. Mwezi wa saba, tisini na saba. Nimeacha soda afande! Nimeacha ugali wa usiku. Kigwa kuja mjini, mjini kurudi Kigwa, kila Jumamosi, jua linanichoma mpaka kisogoni. Tundu la mkanda hili hapa. Sasa unataka kuniambia nini?"

"Nataka uniambie ulipima wapi."

"Kwa mzee Mahona, ghala la asali, hapo Kanyenye. Mzani wa namba, wa kisasa, siyo mkweche kama huu. Watu waliokuwepo walinipigia makofi."

Eustadia aliandika jina, akatazama saa ya ukutani. Saa nane na robo.

Ghala la Mahona ulikuwa unalinusa kabla hujaliona. Mapipa ya chuma yalipangwa mpaka ukutani, nyuki wachache wakizunguka vifuniko. Mzee mwenyewe alikuwa nyuma anachuja nta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Asali au nta?"

"Nataka kupima mwili."

Mzee Mahona alimtazama sare yake, akatazama mzani, akafuta mikono polepole. Mzani ulikuwa chuma bapa chini sakafuni, na kioo chake cha namba kwenye nguzo. Kioo kilikuwa kimezima. Eustadia alikanyaga, kikawaka. Arobaini na nane.

"Nimepungua kilo kumi na nane kwa kutoka hospitali," alisema.

Mzee aliendelea kufuta mikono.

Eustadia alishuka, akakiwahi kioo kwa macho kabla hakijazima. Kilionyesha kumi na nane, na mbele yake kistari cha kutoa.

"Nieleze, mzee."

"Mzani huu ni wa pipa. Pipa tupu ni kilo kumi na nane. Mwanzoni tulikuwa tunapima, tunatoa, tunagombana na wauzaji kila siku. Fundi akaja akauweka uanzie chini kwa kilo hizo. Sasa ukipandisha pipa limejaa unasoma asali peke yake. Kila anayeleta asali hapa anajua. Hata watoto wanajua."

"Bwana mifugo hajui."

"Bwana mifugo haleti asali. Alikuja kunywa maji."

"Ulimwona akipanda?"

"Nilikuwa hapo nyuma. Nilisikia mtu anapiga kelele, 'Tisini na saba!' Nikadhani anatutania. Vijana wakacheka, wakapiga makofi. Yeye akadhani wanamshangilia, akainua mikono juu." Mzee aliinua yake kidogo kuonyesha, akaishusha. "Halafu nikauona uso wake. Machozi yalikuwa yanamlenga. Mtu mzima, mtumishi wa serikali, amefurahi kiasi kile. Wewe ungeanzia wapi kumwambia?"

"Ningeanzia kwenye pipa."

"Ndiyo. Wewe ni askari."

Eustadia aliupiga picha mzani ukiwa mtupu, kisha ukiwa na pipa tupu juu yake. Ulisoma sifuri. Akachukua maelezo ya mzee, akamsomea, naye mzee akasaini. Saa tisa na dakika ishirini alikuwa njiani kurudi kituoni kwa miguu, akihesabu: mia na kumi na tano kutoa kumi na nane ni tisini na saba. Hesabu ilikaa bila kubakisha kitu.

Sabiri aliletwa tena chumba cha mahojiano. Eustadia alimweleza mambo ya koleo, ya gurudumu la mbele, ya mzani na pipa. Alimweleza yote mfululizo, kisha akamtazama.

"Hukushtuka."

"Nimefurahi, afande. Naweza kwenda?"

"Bado kidogo. Ulipomaliza kusuka, ulimpandisha kwenye baiskeli ujaribu?"

"Nampandisha kila mtu."

"Ringi ilisemaje?"

Sabiri aliitazama mikono yake. "Ilipumua."

"Sema kwa lugha ya jalada."

"Niliweka vidole kwenye spoki za chini yeye akiwa amekaa. Zikalegea. Zile za mtu wa tisini na saba hazilegei vile. Mimi nimesuka miaka thelathini, kilo za mtu nazisikia hapa." Alikunja ncha za vidole. "Nikamuuliza, 'Bwana mifugo, una hakika na kilo zako?' Akavua mkanda."

"Mbele ya nani?"

"Kijiwe kizima. Wameshika chai mkononi wanamtazama."

"Ungemwita pembeni."

"Ningemwita. Angesema namwonea wivu, halafu angebeba ringi zake akaenda kwa Majidi. Majidi angemwuzia nyepesi zaidi ya zile." Alisugua grisi ya kidole gumba. "Hayo ndiyo niliyojiambia. Kweli ni kwamba nilimwonea haya. Nikampa baiskeli yake, nikamwambia safari njema."

Eustadia aliiweka kalamu mezani. "Hilo siyo kosa la jinai. Silazimiki kuliandika."

"Na usipoliandika?"

"Unatoka umesafishwa. Mzani umekosea, basi."

Nje sauti ya Batuli ilisikika ikimwuliza askari wa zamu saa ngapi sasa, kwa mara ya ngapi sijui. Sabiri aliisikia, akageuza shingo kidogo, akairudisha.

"Liandike," alisema. "Tangu jana nasema humu ndani sikufanya, sikufanya. Hilo nimefanya."

Eustadia aliandika. Akamsomea. Sabiri alisaini kwa herufi kubwa, kama za daftari lake.

Saa kumi kasoro dakika tatu jalada lilikuwa juu ya meza ya mkuu. Alilisoma lote, akirudi nyuma mara mbili kwenye picha za mzani.

"Kwa hiyo mkosaji wako ni pipa."

"Hakuna mkosaji, afande."

"Na huyu fundi aliyejua akanyamaza?"

"Alihisi, hakujua. Wa ghalani ndio waliojua, na walikuwa wanane. Tukimshika huyu tuwashike na hao."

Mkuu alipangusa maganda ya karanga, akagonga muhuri. "Mwachie. Chukua maelezo ya nyongeza ya mlalamikaji kesho, kisha lifungwe."

Sabiri alirudishiwa mkanda, simu, na kifunguo chake kidogo cha kukazia spoki. Batuli aliinuka kutoka kwenye benchi na chupa ya chai iliyokuwa imeshapoa. Hakumkumbatia mumewe, hapakuwa mahali pake. Alimkagua tu kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama mtu anayehesabu.

"Wamekupiga?"

"Hapana."

"Umekula?"

"Twende nyumbani."

Walikwenda Gongoni kwa miguu, yeye mbele na mkewe hatua moja nyuma akimwambia nani amekuja kuuliza na nani amepita bila kusalimia. Alipofika aliswali, akasema hataki chakula, akajilaza juu ya mkeka na kofia yake kichwani. Batuli alipogeuka na sahani alikuwa ameshalala. Akamvua kofia, akajilaza kando yake.

Eustadia alikuwa chumbani kwake, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, simu ilipolia. Saa mbili kasoro robo. Alikuwa Lugembe.

"Afande. Mzani wa Mahona umesemaje?"

"Unaanza chini kwa kilo kumi na nane. Kwa ajili ya pipa."

Nyuma ya Lugembe kitoroli cha dawa kilipita wodini.

"Kumi na nane," Lugembe alisema. "Kwa hiyo siku ile nilikuwa mia na kumi na tano. Nilianza na mia na kumi na nane."

"Ndiyo."

"Nimepungua tatu."

"Tatu."

"Miezi sita." Alivuta pumzi fupi, ndefu ingemuumiza. "Walijua wangapi?"

"Ghalani, wote waliokuwepo. Na fundi wako alihisi ulipokaa kwenye baiskeli. Ameomba mwenyewe iandikwe."

"Sabiri? Yule anayenitukana mpaka mbele ya wakwe zangu? Hilo la kilo ndilo lililomshinda?"

"Anasema alikuonea haya. Na kwamba angekwambia ungekwenda kwa Majidi."

Kitanda kililia upande wa pili, alikuwa anajiweka sawa.

"Ningekwenda," Lugembe alisema. "Ameshatoka?"

"Ameshatoka. Yuko kwake."

"Kesho unakuja kuniandika upya?"

"Nitakuja asubuhi."

"Uandike mia na kumi na tano. Kwa tarakimu na kwa maneno, wasije wakabadilisha." Ulimi wake ulikuwa umeanza kuwa mzito, Sista Julieth alikuwa ameshampitia na sindano yake. "Na uandike kwamba... andika kwamba mimi mwenyewe ndiye..."

Eustadia alisubiri. Upande wa pili ulikuja mkoromo, mpana na wa taratibu. Alisikiliza kidogo kuhakikisha ni mkoromo na siyo kitu kingine. Akakata simu. Akaandika ile namba kwenye kijitabu chake, kwa tarakimu na kwa maneno, akaifuta miguu, akamwaga maji ya beseni uani, akazima taa na kulala.